Taa 129 Mwanjelwa: shajara ya mradi

Wiki ya 1, Jumatatu

Leo tumekabidhiwa ghorofa mbili za jengo la biashara hapa Mwanjelwa, Mbeya, ya kwanza na ya pili. Chini kuna maduka yenye taa zake za kawaida, hayo hatuyagusi. Juu ni ofisi za kupangisha, korido ndefu na ngazi mbili. Mwenye jengo anataka taa za ofisi zipungue zenyewe jua likiwa kali, zizimike watu wakiondoka, na korido usiku isiwe giza lakini pia isiwake kama uwanja wa mpira. Mchoro wa mshauri unasema mfumo uwe wa DALI, yaani wa kuziongoza taa kwa ujumbe wa kidijitali. Nimeshiriki kazi mbili za namna hii Dar es Salaam nikiwa chini ya fundi mkuu. Hii ni ya kwanza kuisimamia mwenyewe, kwa hiyo nitaandika kila siku yenye jambo.

Asubuhi kabla ukungu haujaondoka mlima Loleza nilikaa na kijana wangu wa mazoezi, tukiwa na chai mkononi, nikamwelezea jambo moja tu. Swichi uliyoizoea inakata laivu, waya unaoleta umeme. Hapa laivu na nyutro, waya wa kuurudisha, zinafika kwenye kila taa muda wote. Kinachoiambia taa iwake, ipungue au izime ni ujumbe unaopita kwenye nyaya nyingine mbili, zenye volti kama 16 za DC, kwa kasi ya biti 1,200 kwa sekunde. Kasi hiyo ni ndogo sana, lakini taa haihitaji maneno mengi. Na kwa kuwa lugha hiyo imewekewa kanuni ya kimataifa, IEC 62386, draiva (kifaa kinacholisha taa umeme) ya kiwanda kimoja inaelewana na kitufe cha kiwanda kingine.

Akauliza, "Kwa hiyo fundi, taa ikiwa imezimwa bado ina umeme?"

Nikamwambia hilo ndilo swali la kwanza na la mwisho. Ina umeme. Giza kwenye taa ya DALI halimaanishi usalama. Hatufungui taa yoyote mpaka breka imezimwa, imefungwa kufuli, na tumepima.

Wiki ya 1, Jumatano

Kuhesabu. Ghorofa ya kwanza ina taa 58, ya pili 71. Laini moja ya DALI, yaani jozi moja ya zile nyaya mbili, inabeba anwani 64 za taa, kuanzia 0 hadi 63, basi. Mchoro ulikuwa umeiweka ghorofa ya pili yote kwenye laini moja. Nimempigia mshauri, amekubali igawanywe: laini A kwa ghorofa ya kwanza, laini B upande wa mashariki wa ghorofa ya pili taa 36, laini C upande wa magharibi taa 35. Afadhali tumeliona sasa dari ikiwa wazi.

Halafu hesabu ya mkondo, maana laini nzima haipaswi kuzidi miliampea 250. Kila draiva inahesabiwa miliampea 2, hivyo laini A ni 116. Vihisi 9, vya kutambua mwanga na watu, vinakula 6 kila kimoja, 54. Paneli za vitufe 4 zinakula 10 kila moja, 40. Jumla 210. Ugavi tulionao, kifaa kinachoipa laini umeme wake, unatoa 240. Inatosha, ila hakuna nafasi kubwa ya kuongeza vihisi baadaye, na hilo nimemwandikia mwenye jengo.

Urefu wa kebo nao nimeupigia hesabu mbele ya kijana, kwa sababu vitabu vinasema mita 300 kwa waya wa milimita za mraba 1.5 na watu wanakariri tu. Kinachotakiwa ni volti zisipotee zaidi ya 2 njiani. Mita 300 kwenda na kurudi ni mita 600 za shaba, kama ohmu 7.3. Zidisha kwa ampea 0.25, unapata volti 1.8. Ndiyo maana ni 300. Ukitumia waya mwembamba wa nusu hiyo, umbali nao unakuwa nusu. Laini yetu ndefu zaidi, pamoja na matawi yake yote, ni mita 190.

Wiki ya 2, Jumanne

Tunavuta kebo ya nyaya tano: kahawia ya laivu, buluu ya nyutro, kijani-njano ya ardhi, nyeusi, kijivu. Nyeusi na kijivu ndizo za DALI. Zinaruhusiwa kupita kwenye kebo moja na umeme mkubwa, lakini kwa sababu hiyo hiyo hazihesabiki kuwa salama kushika. Volti 16 zisimdanganye mtu.

Jioni nilipima mwendelezo kati ya kila waya na mwenzake kabla ya kufunga draiva. Kipimo kikalia kati ya buluu na nyeusi. Maana yake mahali fulani nyutro imeunganishwa na waya wa DALI.

Tulirudi boksi kwa boksi. La kumi na mbili ndilo. Kijana alikuwa ameiunganisha nyeusi ya tawi moja na nyutro. Nilikasirika, nikanyamaza kwanza, kisha nikamuuliza kwa nini. Akasema jengo alilofanyia mazoezi mwaka jana ni la zamani, laivu nyekundu, nyutro nyeusi. Hakubuni. Hizo ndizo rangi za Kiingereza tulizorithi, na wao wenyewe walianza kuzibadili mwaka 2004. Mji huu umejaa majengo ya aina zote mbili, na fundi mdogo anayetoka jengo moja kwenda jingine hana anayemkumbusha. Kosa ni langu pia, sikumwambia siku ya kwanza. Sasa kila mwisho wa nyeusi na kijivu tumevisha mkanda wa njano. Imetuchukua saa tatu na hakuna aliyelalamika.

Wiki ya 2, Ijumaa

Vifaa vimefika kwa basi la usiku. Kidhibiti kilichonunuliwa kina ugavi wa DALI ndani yake. Orodha ya manunuzi ilikuwa na ugavi wa pembeni pia, na mtu aliyechora bodi ameunganisha vyote viwili kwenye laini A.

Hili ni kosa ambalo lingetuunguzia vifaa. Kifaa cha DALI kinazungumza kwa kuifunga laini kwa vipande vya muda mfupi sana, volti zikishuka na kupanda ndiyo herufi zake. Kila kinapoifunga, mkondo wote wa ugavi unapita ndani yake. Kimetengenezwa kustahimili 250. Ugavi mbili za 240 zingekipitishia 480. Huenda kingefanya kazi wiki mbili, tatu, kisha vitufe vikaanza kufa kimoja kimoja na tusijue kwa nini. Nimeutoa ugavi wa pembeni, nimeupeleka laini C ambako kidhibiti hakina wa kwake.

Wiki ya 3, Jumatatu

Tumewasha laini A. Taa zote 58 zikawaka kwa nguvu zote, jambo la kawaida kwa draiva mpya. Lakini kitufe hakikujibu. Multimita kwenye laini: volti 0.4.

Hakuna breka iliyoruka, na haitaruka, maana ugavi wa DALI unajizuia wenyewe. Laini iliyogusana inakaa kimya tu, na taa, zikikosa volti za laini, zinakwenda kwenye kiwango chake cha dharura ambacho kiwandani huwekwa asilimia 100. Mtu asiyejua anaona jengo linang'aa na kusema kazi imekwisha.

Wiki iliyopita tulipima, ikawa safi. Kilichobadilika katikati ni dari: mafundi wa jipsamu walirudi Jumamosi kurekebisha kona. Nikaikata laini katikati, kwenye boksi la 29. Upande wa karibu ukapanda hadi volti 15.8. Tatizo liko mbele. Nikagawa tena, na tena. Mara ya tano tukabaki na mita nne za kebo juu ya mlango wa choo cha wageni, na hapo tukaona kichwa cha skrubu kimezama ndani kuliko wenzake. Ilikuwa imepita katikati ya nyeusi na kijivu, haikugusa kahawia. Ingegusa kahawia, volti 230 zingeingia kwenye laini ya taa 58 zote.

Nimekata kipande, nimeweka boksi jipya lenye mfuniko unaofikika, nimeliandika kwenye mchoro. Tumekubaliana na mafundi wa dari kwamba asiyekuwa na mchoro wa kebo mkononi hapigi skrubu. Walipokea vizuri. Nao hawakuwahi kuonyeshwa kebo zinapita wapi.

Wiki ya 3, Alhamisi

Kugawa anwani. Siku hii niliisubiri.

Draiva mpya hazina namba. Programu inaziambia zote zijichagulie namba ya bahati nasibu yenye biti 24, yaani moja kati ya karibu milioni 16.8, kisha inauliza kwa kugawa: nani yuko chini ya nusu? Chini ya robo? Mpaka inamfikia mwenye namba ndogo kuliko wote, inampa anwani 0, inamwambia anyamaze, inaanza tena kumtafuta wa pili. Kwa biti 1,200 kwa sekunde taa 58 zilichukua dakika kadhaa. Kijana alisimama nyuma yangu akiangalia namba zinavyopanda kwenye kompyuta, akinihesabia kwa sauti.

Zilisimama 56.

Taa mbili hazikuonekana. Moja waya wa kijivu haukuingia vizuri kwenye tundu lake. Ya pili ilinisumbua saa nzima: nyaya sawa, volti sawa, haijibu. Mwisho nilitoa draiva nikaisoma lebo kwa tochi ya simu. Boksi lile lile, umbo lile lile, lakini ni ya volti 1 hadi 10, mfumo wa zamani wa kupunguza mwanga kwa kupandisha na kushusha volti. Haijui DALI hata neno moja. Duka limebadilisha bila shida. Zilizobaki zote tumezisoma lebo, moja moja, kabla ya kuzipandisha juu.

Wiki ya 3, Ijumaa na Jumamosi

Sasa jambo ambalo kwangu ndilo mradi wenyewe. Anwani zimegawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo taa namba 7 iko mapokezi na namba 8 iko chooni. Kompyuta inajua kuna taa 58. Haijui ziko wapi. Anayejua ni mtu anayetembea chini yake.

Tulifanya hivi: mimi nakaa na kompyuta, nairusha taa moja iwake na kuzima, kijana anatembea na mchoro na penseli mpaka aione, anaandika namba, ananipigia kelele, tunaendelea. Siku mbili kwa taa zote 129. Kila namba tumeiandika pia kwenye kibandiko pembeni ya taa, mahali unapopaona ukiwa kwenye ngazi.

Kule Dar tulikabidhi jengo ambalo ramani yake ilibaki kwenye kompyuta ya fundi mkuu. Fundi alihama, kompyuta ikaharibika. Miezi sita baadaye wenye jengo waliomba tung'oe mfumo wote turudishe swichi za kawaida, kwa sababu kila draiva iliyokufa ilikuwa inawagharimu siku nzima ya kutafuta. Mfumo ulikuwa mzima, ila hakuna aliyejua taa gani ni ipi. Sijasahau vidhibiti vile vikiwa vimerundikwa kwenye sanduku. Kwa hiyo hapa ramani itakuwa ya karatasi, nakala tatu: mlango wa bodi, kwa msimamizi, na kwangu.

Makundi (taa zinazoamriwa pamoja) na mandhari za mwanga (viwango vilivyohifadhiwa) vinakaa ndani ya draiva yenyewe, 16 na 16 kwa kila laini, hata umeme ukikatika havifutiki. Lakini draiva mpya itakayowekwa badala ya iliyokufa inakuja tupu. Bila ramani hutajua uipe namba gani.

Wiki ya 4, Jumanne

Korido niliweka ngazi ya mwanga 127, nikidhani ndiyo nusu ya 254, ngazi ya juu kabisa. Ikawa hafifu kiasi kwamba msafishaji aliuliza kama umeme umepungua. Nilikuwa nimesahau kwamba ngazi za DALI hazipandi sawasawa, zinafuata jicho: 85 ni kama asilimia 1 tu, 127 ni asilimia 3, 170 ni 10, na nusu ya mwanga iko 229. Korido sasa ni 170 usiku pasipo na mtu, na inapanda hadi laksi (kipimo cha mwanga) 100 sakafuni mtu akitokea. Jedwali hilo nimelibandika ndani ya mlango wa bodi, karibu na ramani.

Wiki ya 4, Alhamisi usiku

Simu saa nane na nusu usiku. Mlinzi, mzee mtulivu kutoka Tukuyu.

"Shikamoo mzee, kuna nini?"

"Marahaba. Mwanangu, umeme ulikatika, umerudi, na jengo lote limewaka. Kila chumba. Watu barabarani wananiuliza kuna sherehe gani."

Nilijua mara moja. Kiwango cha kurudi kwa umeme hakijabadilishwa, bado ni 254 ya kiwandani. Nilimwelekeza kitufe cha kuzima yote kilichoko kwenye chumba chake, nikamsikia akipumua. Asubuhi nikabadilisha: ofisi zirudi 0, korido na ngazi zirudi 170. Tukazima meni swichi na kuiwasha mara tatu mbele yake mpaka akaridhika. Yeye ndiye anayekaa na hili jengo usiku, kwa hiyo yeye ndiye wa kuridhika.

Wiki ya 5

Vihisi vya mwanga vya ofisi za kaskazini. Mwezi huu wa Juni jua liko upande huo, linaingia dirishani hadi katikati ya chumba. Kurekebisha tumefanya usiku, mapazia yamefungwa: kipima mwanga mezani, taa zinapandishwa hadi laksi 500, kihisi kinaambiwa "hiki ndicho kipimo chako". Mchana kinapunguza chenyewe. Saa saba kasoro robo, wakati jua la Mbeya liko juu kabisa, safu ya dirishani ilikuwa imeshuka karibu na chini kabisa na meza bado ina laksi zaidi ya 500. Amita ya kubana kwenye laivu inayolisha taa za laini A ilisoma ampea 3.1, usiku taa zote zikiwa kamili ilisoma 9.4.

Kihisi kimoja kilikuwa kinazimisha taa ovyo. Chini yake mpangaji ameweka meza nyeupe inayong'aa, na kihisi kinaona meza, hakioni chumba. Tumekisogeza mita moja na nusu. Desemba jua litakuwa limehamia kusini, na nimepanga kurudi kupima upya bila malipo.

Vihisi vya mtu vimefanya kazi vizuri kuliko nilivyovizoea pwani. Vinaona tofauti ya joto kati ya mwili na chumba. Dar chumba kikipata joto tofauti inakuwa ndogo, hapa kipupwe kinavisaidia. Ila mhasibu mmoja anayekaa kimya na koti lake zito alizimiwa taa mara mbili. Muda wa kusubiri tumeupandisha kutoka dakika 10 hadi 20.

Taa za nje za baraza zilikuwa zinawaka mapema, jua bado linaonekana. Saa ya machweo kwenye kidhibiti ilikuwa na majira ya Dar es Salaam. Mbeya iko magharibi karibu digrii 6, na jua letu majira haya linachelewa kuzama karibu dakika 20 nyuma ya lao. Tumeingiza latitudo na longitudo za hapa.

Jambo moja nimemweleza mwenye jengo wazi, asije akashangaa kwenye LUKU: taa zikiwa zimezimwa, draiva bado zinasikiliza, na kusikiliza kunakula hadi nusu wati kila moja. Kwa taa 129 ni kama wati 65 usiku kucha. Ni kidogo ukilinganisha na kinachookolewa, lakini si sifuri. Alinishukuru kwa kumwambia.

Wiki ya 6, Jumatano

Makabidhiano. Kinga ya radi imefungwa kwenye bodi kuu na ya kila ghorofa, mvua za Novemba hazitatukuta wazi. Ramani ziko mahali pake ndani ya plastiki. Nilimpa kijana kazi ya kuwafundisha msimamizi na mlinzi, mimi nikakaa nyuma. Alianza kwa kuwaambia kwamba taa ikiwa giza bado ina umeme.

Wiki ya 9, Jumapili

Simu ya mzee wa Tukuyu, saa moja jioni.

"Mwanangu, laini B, namba 31, kwenye ngazi ya mashariki. Inapepesa. Nimezima breka yake, nimefunga kufuli, ufunguo ninao mimi."

Nikamwambia kijana achukue draiva moja ya akiba. Alikuwa ameshaifungia kwenye begi.